Peni za Mama Kule Ikolomani

Tangu nirudi, kila anayeleta mahindi kwenye kinu changu ananiuliza neno moja tu: dhahabu iko wapi? Wengine hawaulizi, wanaangalia mifuko ya koti langu. Nimechoka kusimulia kipande kipande huku kinu kikinguruma, kwa hivyo nimekaa chini niandike yote mara moja. Mkiona makosa ya kuandika, vumilieni. Mimi shule niliiacha darasa la pili, na hao waliomaliza ndio wananiletea mahindi niwasagie.

Mashine yangu wengi wenu mnaijua. Kwa asiyeijua, ni fimbo ndefu yenye sahani chini kama kifuniko cha sufuria, juu ina kisanduku cha betri, na kuna vitu viwili vya kuvaa masikioni. Ukiipitisha juu ya chuma au shaba iliyofukiwa, inaita. Aliniachia Mzungu mmoja wa mabomba ya maji aliyekaa hapa Lumakanda. Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tukizunguka pamoja kwenye mashamba ya masetla wa Kizungu wa zamani, na alipofunga safari ya kwao akaona hakuna mwingine wa kumwachia. Kila mtu ana starehe yake. Kuna anayekunywa busaa, kuna anayesema watu. Mimi natembea nikisikiliza ardhi. Nimeokota viatu vya farasi, vifungo vya makoti, funguo za milango ambayo haipo tena, na peni zenye tundu katikati, zile za wafalme wa Kiingereza, ambazo nimezijaza kwenye mkebe wa kahawa. Dhahabu niliipata mara moja tu, punje ndogo kuliko mtama iliyonata kwenye tope la peni, na mke wangu Felista akaipuliza ikaenda. Alidhani ni uchafu.

Sasa sikilizeni kilichonitoa nyumbani. Habari mbili zilinifikia katika juma moja, zote mdomoni mwa mchuuzi wa ndizi anayetoka kwetu Ikolomani. Ya kwanza ilitoka kwa Shivachi, mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyebaki kwenye shamba la wazee wetu. Alisema: ndugu, njoo na mashine, hapa chini kuna dhahabu, nimechimba mashimo mawili kama kipofu na la tatu nataka nichimbe nikiwa na macho. Ya pili ilitoka kwa dada yangu Rasoa: mwambie ndugu yangu kwamba shimo la tatu la Shivachi litakuwa juu ya mama yetu. Aje kabla ya jembe.

Mama alikufa mimi nikiwa mtoto huku Lugari, nachunga ng'ombe wa setla ambaye baba alikuwa akimfanyia kazi. Habari ilipotufikia, udongo ulikuwa umekwisha kukauka. Rasoa ndiye aliyekuwa naye, na Rasoa ndiye aliyezika, msichana katikati ya mama za watu. Nyumba ilianguka, mti wa omurembe uliokuwa mlangoni ukafa, wakapanda mikaratusi, wakaikata, wakalima. Alama zote zikaisha. Shivachi si mtu mbaya, na kwetu hata mlafi hagusi kaburi. Lakini yeye alishikilia kwamba kaburi liko upande wa migomba, na Rasoa alishikilia kwamba liko palepale Shivachi anapotaka kuchimba. Maneno ya dada mzee mwenye macho mabovu dhidi ya mwenye shamba. Mimi mwenyewe sikuwa najua. Mtu mzima kama mimi, mwenye kinu na ng'ombe, kaburi la mama yangu silijui.

Lumakanda mpaka Mautuma

Niliondoka kwa baiskeli, mashine nimeifunga nyuma ndani ya gunia. Felista alinifungia viazi vitamu na mayai ya kuchemsha, akaniambia nisile yote kabla ya kona ya kwanza. Nilikula kabla ya kona ya pili.

Njiani watu waliangalia gunia. Mmoja alinipa pole kwa mgonjwa, akidhani nimebeba mkongojo. Karibu na Mautuma gurudumu la nyuma likatoboka, nikasukuma mpaka sokoni kwa fundi. Fundi alikuwa na foleni. Nikafungua gunia kuona kama mashine imeumia, na hilo ndilo kosa nililofanya, kwa sababu ilikuwa siku ya soko.

Kabla sijafunga gunia, akaja mama mmoja mnene, jina lake Mama Selina, anasema ameambiwa daktari wa ng'ombe amefika na mashine mpya. Nikamwambia mashine ni ya kutafuta dhahabu na peni za zamani. Akasema ng'ombe wake hali siku nyingi, anasimama tu mgongo umepinda, na huyo ng'ombe ndiye karo ya watoto. Nikamwambia tena, mama, mimi ni mkulima.

"Hata kama ni ya dhahabu," akasema, "ipitishe tu. Dhahabu ikikosekana sitakulaumu."

Nilimfuata na nusu ya soko ikanifuata. Ng'ombe alikuwa mzuri, mweusi wa madoa meupe, macho yameingia ndani. Nikavaa vile vya masikioni, nikapitisha sahani mgongoni: kimya. Ubavuni: kimya. Nilipofika chini upande wa kushoto, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, mashine ikaita. Nikarudi nyuma, nikapitisha tena. Ikaita palepale. Jamaa mmoja akasema labda amemeza dhahabu, tumchinje tugawane. Mama Selina alimwangalia mpaka akaondoka.

Nilimwambia ukweli wangu: ndani kuna chuma, sauti yake ni ya kukwaruza, chuma hukwaruzanga hivyo. Zaidi ya hapo sijui, mwite daktari wa kweli, na umwonyeshe mahali hapa. Nikapaka pale ubavuni na tope. Hakuniruhusu niende bila kula. Alinipikia obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda, na nilipomaliza akaongeza bila kuuliza. Nilifika kwa fundi, nikakuta ametengeneza baiskeli za wote waliokuja nyuma yangu.

Mautuma mpaka Malava, juu ya miwa

Magoti yangu si ya kijana, nami siwezi kuyadanganya. Dereva wa trekta la miwa, Wekesa, alikubali kunipakia na baiskeli yangu juu ya mzigo. Nani kati yenu amewahi kukaa juu ya miwa? Unakaa juu kama chifu lakini makalio yanakuwa ya mfungwa. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo Wekesa aliniuliza bila kugeuka: "Mzee bado uko?" Nikawa namjibu kwa kurusha ganda la muwa mbele yake.

Kabla ya Malava tukasimamishwa na askari kwenye kizuizi cha barabara. Aliona gunia, akaona kitu kirefu, akaniteremsha. Nikateremka polepole ili aone mvi. Akauliza hiyo ni bunduki ya wapi. Nikamwambia ni mashine ya kutafutia peni za zamani.

Akafikiri. "Peni za zamani unazitafutia nini, mzee? Mpya zimekuishia?"

Wekesa alicheka mpaka akashika usukani. Mimi sikucheka, ila nakiri askari alisema vizuri. Alitaka kuona inavyofanya kazi, nikaiwasha, ikapigia kelele viatu vyake. Akasogea, ikamfuata. Nikamwambia ni misumari ya soli. Aliinua mguu akaiangalia soli yake kama mtu aliyeambiwa ana mdudu, kisha akaniuliza kama inaweza kutafuta ng'ombe walioibwa. Nikasema haiwezi, labda wawe wamemeza chuma. Akatuacha twende.

Shirere

Kutoka Malava niliendesha kwenye lami, msitu ukinipa kivuli, nikalala Shirere kwa binti yangu wa mwisho, Adelaidi, anayesomea ualimu. Amepanga chumba kimoja kwenye ploti ya wanafunzi, mlango kwa mlango. Alinipa kitanda, yeye akalala kwa rafiki yake. Tulikula chapati na maharagwe. Niliuliza ugali uko wapi, akasema huu ni mji, baba.

Asubuhi nikaona betri zimechoka. Nikazipanga juu ya bati la choo zipate jua, jinsi sote tunavyofanya, ndipo nikaingia kunywa chai. Kutoka nje, bati ni tupu.

Niligonga kila mlango. Ikaonekana kwamba jirani mmoja amezichukua, akidhani ni za kutupwa, akatia kwenye redio na akaenda nayo shuleni kusikiliza mpira. Hakuna la kufanya ila kumngoja. Asubuhi ikaisha, mchana ukaingia, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na huko Ikolomani Shivachi ana jembe.

Adelaidi alikaa kando yangu akichambua sukuma wiki. Akaniuliza nitafanya nini nisipoliona kaburi. Nikamwambia nitamwambia shangazi yako kwamba mashine imekosa.

"Shangazi hakuita mashine," akasema. "Amekuita wewe."

Huyo mtoto nimemlipia shule mimi mwenyewe, kwa hivyo nikachukua sukuma wiki nikamsaidia kuchambua.

Yule jirani alipofika na kuelezwa, alishika kichwa. "Buda, nisamehe," akasema. "Nilidhani ni taka." Akaingia kwake, akarudi na betri mpya alizonunua kwa ajili ya tochi yake ya kusomea mtihani, akanipa zote, na zile zangu akasema atabaki nazo yeye. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nikakosa pa kuyaweka.

Shirere mpaka Ikolomani

Kutoka Kakamega mjini kwenda kwetu ni mteremko na mpando, mteremko na mpando, na udongo unazidi kuwa mwekundu. Kwenye vijito kina mama walikuwa wameinama na makarai, wanaosha mchanga wakitafuta vumbi la dhahabu, kama mama zao walivyowafanyia Wazungu zamani. Hapo ndipo mama yetu alipokuwa akifanya kazi. Niliwasalimu kwa lugha ya kwetu, wakanijibu, mmoja akauliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia baba yangu akasema, "Kumbe mko." Neno hilo lilinikaa moyoni.

Shivachi alinipokea kwa mikono miwili. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Tulipokaa mezani, akachukua kipande cha firigisi, ambacho kwetu ni cha mwenye boma peke yake, akakiweka kwenye sahani yangu. Nilijua maana yake. Mtu hakupi firigisi yake bure.

"Kula, ndugu," akasema. "Kesho unione."

Akanionyesha kiberiti. Ndani kulikuwa na kikaratasi, na ndani ya kikaratasi punje za dhahabu za mashimo yake mawili, kidogo hata kupiga chafya ni hatari. Ana watoto wengi, na chai yake ilikauka mwaka ule. Alisema hayo bila kulia, na mimi niliheshimu hiyo. Nikamwambia nitapima shamba lote, lakini nikikuta kaburi la mama jembe litasimama. Akasema sawa, kaburi ni kaburi, lakini liko kwenye migomba.

Shambani

Rasoa alifika asubuhi na fimbo yake. Ameolewa ng'ambo ya kijito na ni mjane siku nyingi. Alinishika uso kwa vidole, akasema nimenenepa kwa unga wa watu. Kisha akasimama shambani akijaribu kukumbuka: mlango ulitazama huku, omurembe ulikuwa hapa, kaburi lilikuwa upande huu wa mlango. Akaelekeza fimbo. Shivachi akasimama na jembe begani.

Tulianza kwenye migomba ili asiseme nimempendelea dada. Udongo wa kule una chuma ndani yake, mashine ilikuwa inanung'unika tu, ikabidi nipunguze nguvu na kuinua sahani. Migombani nilipata mkebe, bawaba ya mlango na shoka bovu. Kila ikiita Shivachi alichimba kwa pupa, na kila kikitoka kitu akakitupa. Kisha kukawa kimya. Tukasogea kwa Rasoa. Pale alipoelekeza fimbo, mashine haikusema kitu. Nikasogea mbele kidogo, nikasogea tena.

Ikaita. Sauti safi, ya mviringo, haikukwaruza hata kidogo. Nimesikia sauti nyingi na hiyo iliingia mpaka kifuani. Nilipita mara ya pili na ya tatu. Shivachi aliona uso wangu.

"Hiyo ni yenyewe," akasema, akainua jembe.

"Ni hapo," Rasoa akasema. "Mama yuko hapo."

Shivachi akateremsha jembe, akageuka. "Dada, sasa hivi umetuonyesha pale. Mashine imeita hapa, basi na mama amehamia hapa?"

Hakuwa na adabu, lakini hakuwa mjinga. Wote wawili wakaniangalia mimi. Niwaambie ukweli, enyi mnaoniuliza habari za dhahabu: mimi pia sikujua. Inaweza kuwa dhahabu, inaweza kuwa bomba la shaba la Wazungu. Mtu wa mashine hana dawa nyingine ya kujua ila kuchimba, na mkono wangu uliwasha. Lakini ukichimba ujue kama ni kaburi, umeshachimba kaburi.

Nikamwuliza Rasoa: mlimzika na nini? Sahani, bangili, kitu chochote cha shaba?

Alikaa chini kwenye tuta. Akasema mama alipokuwa akiwaoshea Wazungu mchanga wa dhahabu, walikuwa wakimlipa peni za tundu, na hizo alizokuwa hazitumii alizitunga kwenye uzi akavaa kiunoni. Siku ya kuzika, kina mama walimwambia Rasoa kwamba kitu cha marehemu hakiendi chote na hakibaki chote. Akaukata uzi katikati. Wanaume walipojaza udongo mpaka kikabaki kina cha mkono kufika kiwiko, wakamwita, akashuka akaweka nusu yake upande wa kichwa, wakafunika. Nusu nyingine ameivaa mpaka leo.

Nusu hiyo niliijua. Tangu nipate mashine nimemwomba anipe kwa ajili ya mkebe wangu, mara nyingi, na kila mara alikataa bila kueleza. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia habari hizi.

"Hukuniuliza," akasema. "Uliniomba tu."

Nikamwambia sasa naiomba kwa kazi nyingine. Akageuka upande, akaingiza mkono ndani ya nguo, akatoa uzi wa peni, nyeusi kwa jasho la miaka. Nikatafuta mahali ambapo mashine ilikuwa kimya, hatua chache kando, nikachimba shimo jembamba la kiwiko, nikaufunga uzi kwa jani la mgomba, nikaulaza chini, nikafunika na kukanyaga. Nikapitisha sahani. Nikasimama. Kisha nikavua vile vya masikioni, nikampa Shivachi mashine yote.

Alikuwa hajawahi kuishika. Nikamwonyesha. Akapitisha juu ya peni za Rasoa, akasikiliza. Akaenda pale palipoita, akasikiliza. Akarudi. Akaenda tena. Halafu akatoa kiberiti mfukoni, akaweka kile kikaratasi cha dhahabu chini, akapitisha sahani. Kimya. Akaisogeza mpaka ikagusa karatasi, na mashine ikakataa kusema lolote.

Alivua vile vya masikioni polepole.

"Ni sauti moja," akasema. "Kufikia Jumatatu ningekuwa nimechimba hapa mpaka kiunoni."

Akachukua jembe akaenda nalo. Nilidhani amekasirika. Mimi nikapiga magoti nimtolee Rasoa uzi wake. Sikuwa nimefukua hata kiganja nilipoona fimbo yake imelala juu ya shimo.

"Wacha," akasema. "Zimekaa mbali muda mrefu."

Nilibaki nimepiga magoti. Mkebe wa kahawa ulinijia kichwani, sitawaficha. Kisha nikarudisha udongo, nikaukandamiza kwa mikono yote miwili, na Rasoa akaweka mkono wake begani mwangu, akaniegemea ili asimame. Ni mwepesi siku hizi.

Shivachi alirudi akisukuma toroli. Ndani alikuwa amejaza mawe meupe, yale yanayotoka kwenye mashimo yake, ambayo watafuta dhahabu huyaponda wakaosha unga wake. Yalikuwa bado hayajapondwa. Akayapanga kuzunguka pale, moja moja, akiingiza ndani na mahali tulipofukia uzi wa Rasoa. Yalipoisha akaenda kuleta mengine. Sikumsaidia, kwa sababu niliona hataki. Jioni tulikula kuku aliyebaki, na hakuna aliyesema habari za shimo la tatu.

Kurudi

Nilirudi kwa njia ileile. Mautuma nilipita kwa Mama Selina. Ng'ombe yule alikuwa amesimama kivulini, ameshonwa ubavuni na uzi mnene, anacheua. Daktari alipasua juu ya tope langu, akaingiza mkono, akatoa waya. Mama Selina ameuning'iniza mlangoni kuonyesha wageni, na kila anayeuliza anamwambia kwamba mzee wa Lumakanda ndiye aliyeuona. Sikumkatiza.

Basi mmesikia yote. Mashine iko nyumbani, iko sawa, na baada ya kuvuna mahindi nitaipeleka kule kwenye msingi wa ghala la setla, anayetaka kunifuata anifuate. Lakini msiangalie tena mifuko yangu. Kama ile safari ilikuwa na dhahabu, iko ndani ya mawe ya Shivachi, na Shivachi mwenyewe ndiye aliyeiacha pale.